TUHAKIKISHE KHABARI: NENO JUU YA PERA DEWJI, MSIRI WA SAYYID BARGHASH

Shukurani zote ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na miji yote ya pwani mnaosoma waraka huu: leo hatukukusudia kueleza masala ya sala wala ya mirathi, bali tumekusudia kulirudia kosa letu wenyewe. Katika waraka uliotangulia, tulipokuwa tukieleza jinsi dola ya Waislamu wa pwani ilivyovunjika, niliandika kwamba Sayyid Barghash bin Said alimtanguliza Mhindi mmoja aliyekuwa mpangusa taa, akamfanya msiri wake, na mtu huyo kwa tamaa ya nafsi yake akaiuza nchi kwa Wazungu. Yalikuwa maneno ya mistari minne au mitano tu, nami sikutaja nimeyapokea kwa nani. Kosa hili ni langu mimi mwandishi, si la darasa.

Darasa letu, kama mjuavyo, hukutana Muthetheni, upande wa Mwala katika Machakos. Tu watu wachache. Baadhi yetu tumetoka pwani kwa ajili ya kazi, na wengine ni wenyeji Wakamba waliosilimu, ambao wazee wao hawakuwahi kuwa raia wa Sultani yeyote. Usiku mmoja baada ya Isha umeme ulikatika, ikatolewa taa ya chemni, na kijana mmoja akawa anaipangusa kioo kwa kitambaa huku mwenziwe akisoma waraka kwa sauti. Aliposikia maneno ya mpangusa taa akacheka kidogo, kisha akauliza kwa adabu: “Maalim, huyu aliyesema kuwa mtu yule aliuza nchi, aliona mwenyewe au aliambiwa?”

Nilitaka kumjibu kwamba jambo hili ni mashuhuri. Walakin kila wiki nawafundisha vijana hawa kwamba hadithi haisimami ila kwa sanadi, na kwamba kuwa mashuhuri si hoja, kwani uwongo nao huwa mashuhuri. Basi nikanyamaza, nikamwambia anipe muda. Na muda wenyewe haukuwa umekwisha ilipotufikia barua ya msomaji mmoja wa Mombasa, akisema kwamba amewasomea wanawe maneno yale, na mmoja wao akaenda kumtupia mwenziwe wa Kihindi shuleni kwamba babu zao ndio waliouza pwani. Yeye aliniandikia kwa kunisifu. Mimi niliisoma barua ile nikaona haya.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tukijiwa na fasiki na khabari tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta kwa tuliyoyatenda. Wafasiri wengi wameeleza kuwa aya hii imeshuka kwa sababu ya Al-Walid bin Uqba, aliyetumwa kwenda kupokea zaka za Banu Mustaliq, akarejea na khabari kwamba wamezizuia, na kumbe haikuwa hivyo. Na khabari ile ilikaribia kuwafikisha watu katika vita. Tazameni basi: aliyeleta khabari hakuwa adui, alikuwa ni mjumbe.

Sasa tuzitazame khabari zenyewe. Ushahidi mashuhuri ulioandikwa na mtu wa nyumba ya Mfalme juu ya Pera Dewji ni wa Sayyida Salme binti Said, dada yake Sayyid Barghash kwa baba, katika kitabu cha maisha yake kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1886. Humo amemtaja mtu huyu kwa maneno makali. Amesema kwamba hapo kale alikuwa mpangusa taa, kisha kwa werevu na hila akapanda mpaka akawa mkono wa kuume wa Mfalme. Kwamba mikono ile ile inayoshika mazungumzo makubwa ya dola ndiyo inayowaandalia wageni mezani. Kwamba mshahara wake ni mdogo na mapambo yake ni makubwa, kwa hiyo lazima ana pato jingine. Na kwamba sonara wa jumba aliyekataa kumgawia faida alipokonywa kazi, ikapewa mwingine.

Sayyida Salme si mtu wa kutupwa. Mambo aliyoyaeleza ya Beit al-Mtoni, alikozaliwa mwaka 1844, na ya desturi za nyumba ya baba yake, hakuna mwanachuoni wa taarikhi ya Unguja anayeweza kuyaacha, kwa kuwa aliyaona kwa macho yake. Lakini shahidi mmoja huweza kuwa mwaminifu kwa aliyoyaona na dhaifu kwa aliyoyasikia, na wanachuoni wa hadithi wameujua ukweli huu zamani sana. Basi tumwulize swali lile lile la kijana wa Muthetheni: uliona, au uliambiwa?

Hesabu ya miaka inajibu. Sayyida Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akaenda Aden, akabatizwa, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani Heinrich Ruete mwaka 1867. Sayyid Barghash alishika ufalme mwaka 1870. Na bibi huyu hakurudi kuiona Unguja ila mwaka 1885. Maana yake ni kwamba miaka yote ambayo Pera alikuwa akipanda daraja katika jumba la Barghash, yeye alikuwa Ujerumani. Zile taa hakuziona zikipangushwa. Sonara hakuwa sonara wake, wala hakumtaja jina. Yote hayo aliyapokea kwa watu wa mjini katika siku chache za safari yake, na aliyempa hatumjui kwa jina, wala hatujui alikuwa na ugomvi gani na huyo anayemsema. Lau khabari kama hii ingeletwa mbele ya Imamu Bukhari juu ya mpokezi wa hadithi moja, asingeiandika.

Na tena kuna jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa. Katika kitabu hicho Pera ameitwa Mhindu. Kila mtu wa pwani anajua kupambanua baina ya Banyani, Khoja na Bohora. Hata mtoto anayetumwa dukani anajua. Na Pera Dewji alikuwa Khoja, Ismailia, asili yake Kutch. Huenda Sayyida Salme aliandika kwa desturi ya Wazungu wa siku zile, waliokuwa wakiwaita watu wote wa Bara Hindi kwa jina hilo moja, nasi hatumwiti mwongo kwa hilo. Ila mwandishi anapoandika kwa ajili ya wasomaji wa mbali, mtu aliye karibu hupoteza sura yake, hubaki kivuli tu.

Kisha tuitazame hali ya shahidi mwenyewe, na tuitazame kwa huruma. Mwaka 1859, akiwa binti wa miaka kumi na mitano, aliingia katika njama ya Barghash ya kumpindua ndugu yao Sayyid Majid, naye ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Barghash alipokuwa Mfalme, hakumsamehe dada yake kuacha dini na kuolewa na Mkristo. Mwaka 1875 Sayyid Barghash alipozuru London, Sayyida Salme, ambaye tangu 1870 alikuwa mjane mwenye watoto watatu, alikwenda huko kwa tamaa ya kuonana naye. Waingereza wakamzuia kwa ahadi ambazo hazikutimizwa. Na mwaka 1885 alipofika Unguja alifika pamoja na manowari za Wajerumani, akidai mirathi ya ndugu zake waliokufa katika miaka aliyokuwa hayupo. Katika fiqhi, asiyekuwa Mwislamu harithi kwa Mwislamu; lakini machungu ya mama mwenye watoto hayapimwi kwa mlango mmoja wa fiqhi. Barghash alikataa kumwona. Na aliyesimama mlangoni mwa Barghash siku hizo alikuwa nani? Alikuwa Pera Dewji. Mtu akifukuzwa mlangoni, hamsahau bawabu.

Sikusema haya ili kumtukana bibi huyu. Amekufa mwaka 1924 huko Jena, mbali na makaburi ya wazee wake, na kisa chake chatosha kuwa huzuni. Nimesema tu kwamba ushahidi wake juu ya mtu huyu una kasoro mbili zilizo wazi: kusikia, na chuki.

Upande wa pili ni makonsuli wa Kiingereza na wenzao, ambao katika maandishi yao Pera huonekana kama mtu wa fitina. Hapa yapasa tukumbuke makonsuli walikuwa wakitaka nini. John Kirk ndiye aliyemletea Sayyid Barghash mkataba wa mwezi wa Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa, na nyuma ya karatasi ile kulikuwa na tishio la kuzuiwa bandari kwa manowari. Hatusikitikii soko lile. Twaeleza tu jinsi amri zilivyokuwa zikija. Tangu mwaka 1877 askari wa Mfalme walifunzwa na kuongozwa na Mwingereza, Lloyd Mathews. Mfalme ambaye bahari yake ina walinzi wa kigeni, na jeshi lake lina mkuu wa kigeni, na kila asubuhi huja konsuli na shauri lisilokuwa shauri, je, si ajabu akitafuta mtu mmoja ambaye riziki yake yote imo mkononi mwake, asiyepokea amri London? Na je, si ajabu zaidi kama konsuli angelimpenda mtu huyo? Ibn Abd al-Barr ameweka mlango mzima katika kitabu chake cha elimu kueleza kwamba maneno ya watu wa rika moja wanaoshindania cheo hayapokewi wao kwa wao ila kwa ushahidi wa wazi, hata wakiwa ni wanavyuoni wakubwa. Ikiwa ndivyo kwa wanavyuoni, basi kwa watu wa majumba ya wafalme ni zaidi.

Katika siku zetu ametokea mwandishi, Judy Aldrick, aliyemwandikia Pera Dewji kitabu kizima, kilichochapwa mwaka 2015, naye amemwita mkuu wa majasusi wa Sultani. Jina hilo nalo ni zito. Lakini tazameni umbali uliopo: kwa mmoja ni mpangusa taa mwenye hila, kwa mwingine ni mtumishi mkubwa wa dola aliyeona mbali. Mtu ni yule yule.

Tufanyeje basi, maneno yakipingana namna hii na wenyewe wote wakiwa wamekufa? Turudi katika Sura ya Yusuf. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, naye alikuwa mgeni katika nyumba ya mkubwa, akapendwa, akaaminiwa, na mwisho wake akakabidhiwa hazina za Misri. Siku ile mlangoni yalisimama maneno mawili yaliyopingana, neno la bibi wa nyumba na neno la mtumwa, wala hapakuwa na shahidi aliyeona. Akatokea mtu katika jamaa za yule bibi, akasema itazamwe kanzu: ikiwa imechanwa mbele bibi amesema kweli, na ikiwa imechanwa nyuma amesema uwongo. Hakusema mtumwa kazi yake ni kudanganya, wala hakusema mgeni hana amana. Alitafuta kitu kisichokuwa na ulimi wala upande.

Katika kesi yetu kanzu ni karatasi na tarehe zake. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita bara ya Mrima akiwatia wakubwa wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami katika mikataba ambayo wengi wao hawakuielewa. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Sayyid Barghash alipinga kwa simu na kwa barua. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, mpaka akalegea. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakapatana wao kwa wao, wakamwachia Mfalme visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu, na bara wakaigawa kwa mstari kutoka mto Umba, ukizunguka kaskazini ya Kilimanjaro, hadi ziwa Nyanza. Mfalme aliletewa khabari, akakubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Haya yalikatwa Berlin na London. Kanzu hii imechanwa kwa nyuma, ndugu zangu, na mkono uliochana haukuwa wa mpangusa taa.

Na hapa Muthetheni tumo ndani ya hukumu ya mstari ule. Kwa kuwa ulipita kusini yetu, Ukambani ikawa fungu la Waingereza, na mwaka 1889 kampuni yao ikaweka kituo Machakos. Wazee wa hapa hawakumjua Barghash wala Pera, wala hakuna aliyewauliza. Nilipowaeleza hayo wanafunzi wetu wenyeji, mmoja akasema kwamba pwani mnatafuta aliyeuza, na sisi huku hatuna hata wa kumtafuta. Neno hili sikuwa na jibu lake.

Kwa nini basi watu hupenda kisa cha msiri mwovu? Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, amekutana na jambo hili katika khabari za Barmaki. Khalifa Harun al-Rashid alimpenda Jaafar bin Yahya al-Barmaki mapenzi makubwa, kisha mwaka 187 wa Hijra akamwua na kuwafunga jamaa zake. Tabari ameziweka riwaya nyingi za sababu yake ubavu kwa ubavu, naye mwanzo wa taarikhi yake alikwisha mwambia msomaji kuwa lawama ya khabari isiyokubalika ni ya walioileta, si yake. Katika riwaya hizo watu wameshika ile ya Abbasa, dada wa Khalifa, kwa kuwa ina mapenzi na siri. Ibn Khaldun ameikataa, akasema sababu ilikuwa ni Barmaki kujikusanyia amri na mali ya dola mpaka Khalifa mwenyewe akawa haombi kitu akakipata kwa wepesi. Yaani watu waliacha kutazama hazina wakatazama chumba cha mwanamke, na njiani wakamsingizia binti wa ukoo wa ami yake Mtume jambo ambalo katika sharia halitamkwi ila kwa mashahidi wanne. Sisi nasi tuliacha kutazama manowari tukatazama kitambaa cha taa.

Na lile cheko la kitambaa cha taa, hilo nalo nimelitubia. Mimi niliandika “mpangusa taa” kwa kudharau, kana kwamba kazi ile ndiyo ushahidi wa khiyana. Mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina alipokufa, Masahaba walimzika usiku bila ya kumwambia Mtume, wakiona jambo lake ni dogo. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza habari zake, akataka aonyeshwe kaburi, akamsalia. Kijana wetu aliyekuwa akipangusa chemni usiku ule alicheka kwa sababu mimi nilimfundisha kucheka.

Msidhani kwamba sasa nimegeuka kuwa wakili wa Pera Dewji au wa bwana wake. Sisi watu wa Mombasa tuna deni letu la zamani kwa Sayyid Barghash: yeye ndiye aliyemfunga gerezani Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, naye hakutoka mpaka Mfalme huyo alipokufa mwaka 1888. Nakiri kwamba jambo hilo lilikuwa moyoni mwangu nilipoandika, na kila lililomchafua Barghash lilinipendeza. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Maida chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Huenda kisa cha sonara ni kweli. Watu wa majumba ya wafalme kula katika mikono ya wafanyabiashara si jambo geni, wala halikuanza na Khoja huyu wala halikuisha naye. Tena sisi na Maismailia tunakhitalifu katika mambo ya itikadi, na khitilafu hiyo ina vitabu vyake na mahali pake. Lakini haki ya mtu asisingiziwe haikuwekewa sharti ya madhehebu.

Yanayobaki baada ya kupima ni machache. Pera Dewji alikuwa Khoja wa asili ya Kutch, alimtumikia Sayyid Barghash katika makubwa na madogo, Mfalme alimwamini, dada wa Mfalme na makonsuli hawakumpenda, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Kwamba aliiuza nchi, hayo hayana shahidi, na karatasi za 1885 na 1886 zinayakanusha.

Kwa hiyo namwomba kila aliye na waraka uliotangulia afungue ukurasa wa tatu, apige mstari juu ya maneno yale kuanzia “Sayyid Barghash alimtanguliza” mpaka “kwa Wazungu”, na pembeni aandike: mwandishi amerudi. Na yule ndugu wa Mombasa aliyetuandikia, nimempelekea jawabu yake peke yake, nikamwomba amchukue mwanawe mpaka kwa mwenziwe wa shuleni, na akipenda auchukue na waraka huu mkononi. Bado hajanijibu.